Gandisha kwa mwanga

Aina: kitenzi elekezi
Mnyambuliko: ganda, gandisha, gandishwa, nomino: mgando, ugandishaji
Uwanja: tiba ya meno

Maana
Kufanya kijazio laini chenye rangi ya jino kiwe kigumu kwa kukimulika mwanga wa buluu.

Maelezo
Kijazio cha aina hii huundwa kwa resini iliyochanganywa na chembechembe za kioo. Ndani yake mara nyingi mna kamforakwinoni, kemikali inayofyonza mwanga wa buluu wenye urefu wa wimbi wa nanomita 470 hivi. Ikishapata mwanga huo, huchochea molekuli ndogo za resini ziungane kuwa minyororo mirefu. Hakuna maji yanayotoka wala mvuke unaopaa.

Kwa sababu hiyo kitenzi *kausha* hakifai, ingawa hutumika sana. Zege nalo halishiki kwa kukauka. Ndiyo maana fundi hulimwagilia maji. Isitoshe, katika kazi hiyohiyo daktari hukausha jino kwa hewa kabla ya kuweka kijazio. Mwongozo ukiandika “kausha kwa sekunde 20” katika hatua zote mbili, mwanafunzi hatajua ni lini apulize hewa na ni lini awashe taa. *Ganda* kina faida nyingine: hubeba maana ya kuwa kigumu na pia ya kushikamana, na kijazio hakina budi kufanya yote mawili.

Zibwa na zibika
Molekuli zinapoungana, husogeleana, na kijazio husinyaa. Kwa kawaida hupoteza asilimia 2 hadi 3 hivi ya ujazo wake. Kikisinyaa huku kimeshikamana na kuta za tundu, huzivuta. Mshikamano ukishindwa, ufa mwembamba hubaki ukingoni, nao hupitisha mate na bakteria. Matokeo yaweza kuwa madoa, maumivu, au uozo mpya chini ya kijazio.

Hapa sarufi hutusaidia. *Jino limezibwa* hutaja kazi ya daktari. *Jino limezibika* hutaja matokeo yake. Jino lililozibwa si lazima liwe limezibika. Mfasiri anayezungumzia uzuiaji wa upenyo ukingoni atumie *zibika*, au aseme wazi *kuzibika kwa ukingo*.

Namna za kumulika
1. *Mwanga thabiti*: nguvu ni ileile tangu mwanzo hadi mwisho.
2. *Mwanga wa kupanda*: huanza hafifu, kisha huongezeka.
3. *Mwanga wa vipindi*: hutolewa kwa muda mfupi, husitishwa, kisha hutolewa kwa nguvu kamili.

Shabaha ya namna ya pili na ya tatu ni kukipa kijazio nafasi ya kujinyoosha kingali laini, ili mkazo kwenye kuta upungue. Majaribio ya maabara hayakubaliani: baadhi huonyesha nyufa chache zaidi, mengine hayaoni tofauti. Kwa wagonjwa, ubora wa namna moja juu ya nyingine haujathibitika waziwazi. Kwa hiyo *huenda hupunguza upenyo* isigeuzwe kuwa *huzuia upenyo*. Tofauti ya vitenzi hivyo ni tofauti ya ahadi anayopewa mgonjwa.

Lisilo na shaka ni kwamba mwanga sharti utoshe. Nguvu ya taa huzidishwa kwa muda: miliwati 1000 kwa sentimita ya mraba, kwa sekunde 20, hutoa juli 20 kwa sentimita ya mraba. Ncha ya taa ikiwa mbali au ikielekezwa upande, kiasi kinachofika hupungua. Vijazio vya kawaida hugandishwa kwa tabaka zisizozidi milimita 2. Vipo vilivyotengenezwa kwa tabaka za milimita 4. Tabaka likizidi kipimo chake, juu huganda na chini hubaki laini. Ugumu wa uso, basi, si ushahidi kwamba ukingo umezibika.

Mifano ya matumizi
- *Kausha jino kwa hewa, weka tabaka la kwanza, kisha ligandishe kwa mwanga.*
- *Kijazio kiligandishwa kwa mwanga wa kupanda, lakini ukingo wa chini haukuzibika.*
- *Taa ilishikwa mbali na jino, hivyo mgando haukufika chini ya tundu.*

Tahadhari
*Gandisha* pekee huweza kueleweka kuwa ni kufanya kitu kiwe barafu. Kitajwe kwa ukamilifu, *gandisha kwa mwanga*, kila kinapotokea mara ya kwanza katika matini. Baada ya hapo *gandisha* chatosha.