Diski ya SSD kwa mashine za michezo: ikaguliwe kabla ya Pindura

Mfanyabiashara wa Bweyeye, wilayani Rusizi, anayeagiza diski ya SSD Kigali au Kamembe hupokea mzigo wake baada ya gari kuiacha barabara kuu ya Huye–Kamembe pale Pindura na kushuka katikati ya msitu wa Nyungwe. Upande wa pili wa sekta hiyo ni Burundi, ambayo ilifunga mipaka yake ya nchi kavu na Rwanda Januari 2024. Diski isiyoingia kwenye mashine hurudi kwa njia hiyo hiyo ya msituni, na nauli hula faida yote.

Kosa linaloleta hasara zaidi ni kuuliza bei na ukubwa bila kuuliza soketi. Diski za SATA za inchi 2.5 husoma takriban megabaiti 550 kwa sekunde. Zile nyembamba za M.2 zina sura moja lakini ziko za aina mbili: nyingine ni SATA ile ile, nyingine ni NVMe, ambayo hufika 3,500 kwenye PCIe 3.0 na karibu 7,000 kwenye PCIe 4.0. Kompyuta yenye soketi ya M.2 ya SATA tu haitaitambua NVMe hata kama imeingia vizuri. Namba 2280 maana yake ni upana wa milimita 22 na urefu wa 80.

Kwa PlayStation 4, ambayo bado inafanya kazi katika vibanda vingi vya michezo, SATA ya inchi 2.5 yenye unene usiozidi milimita 9.5 inatosha, kulipia kasi zaidi ni kutupa fedha. PlayStation 5, iliyotoka mwaka 2020, inataka M.2 NVMe ya PCIe 4.0, na Sony inapendekeza kasi ya kusoma ya 5,500 au zaidi. Ni lazima iwe na bamba la kupoza joto, na kimo chote kisizidi milimita 11.25. Diski ya nje ya USB huhifadhi michezo ya PS5 lakini haiichezeshi. Xbox Series X na S hutumia kadi yao maalum ya kuchomeka nyuma, hivyo M.2 ya kompyuta haifai huko.

Ukubwa? Terabaiti 1 ndiyo ya busara, kwa kuwa mchezo mmoja mkubwa waweza kuzidi gigabaiti 100. Bei za chipu za kumbukumbu zilipanda mwishoni mwa 2025 kwa sababu ya vituo vya data vya akili mnemba. Katika hali kama hiyo, terabaiti 2 kwa bei ya kutupa ni ya kutiliwa shaka. Diski bandia huonyesha ukubwa ambao haipo nao, kisha huharibu data ikijaa. Programu ya bure ya H2testw huandika diski nzima na kuisoma tena. Huchukua saa kadhaa, lakini ni nafuu kuliko safari. Kwa diski iliyotumika, CrystalDiskInfo huonyesha afya yake.

Kuhusu forodha, cheti rahisi cha asili ya bidhaa cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa mizigo isiyozidi dola 2,000, ni cha bidhaa zenye asili ya Jumuiya. Diski iliyotengenezwa Asia haimo, hata ikinunuliwa Kampala. Ndani ya Rwanda, risiti ya EBM itunzwe pamoja na namba ya diski, kwa ajili ya dhamana.

Msafirishaji hana hofu ya mtikisiko, maana SSD haina kitu kinachozunguka. M.2 hata hivyo hupinda. Isafiri kwenye sanduku gumu na mfuko wake wa kuzuia umemetuli. Na kwa kompyuta iliyotumika, parafujo ndogo ya kubania M.2 itafutwe mapema: mara nyingi imekwisha kupotea.