RAFIKI AKIFA ANAKUACHIA DENI: TUMKUMBUKE ABDULWAHID SYKES



Ndugu yangu, uwe hapa Nalasi, Tunduru mjini, Songea au popote ulipo. Rafiki akifariki tunazika, tunakaa matanga, tunasoma hitma, tunakula pilau, tunatawanyika. Ikipita arubaini, nani anamtaja tena?

Mtume wetu, swalla Llahu alayhi wasallam, hakuwa hivyo. Bibi Khadija, radhiya Llahu anha, alipokwisha kufariki, Mtume akichinja mbuzi alikuwa akiwapelekea nyama marafiki wa marehemu. Kaburi halikukata wema.

Sasa nikupe kisa cha kwetu Tanganyika.

Abdulwahid Sykes alizaliwa Dar es Salaam tarehe 1 Desemba 1924. Baba yake, Mzee Kleist Sykes, alikuwa miongoni mwa waasisi wa African Association mwaka 1929. Abdul alipigana Burma katika jeshi la King's African Rifles, akarudi, akawa Market Master, msimamizi wa soko la Kariakoo. Alikuwa na kazi, na jina, na nyumba ya baba yake yenye heshima mjini.

Mwaka 1953 chama, wakati huo TAA, kilifanya uchaguzi. Abdul aligombea urais na mwalimu kijana kutoka Butiama, mgeni mjini, Mkristo: Julius Nyerere. Nyerere akashinda, Abdul akawa makamu wake.

Hapa ndipo utakapomjua mtu. Wangapi wakishindwa uchaguzi wa msikiti tu, wanahama msikiti? Abdul hakuhama. Tarehe 7 Julai 1954 TANU ilipoasisiwa, alikuwemo pamoja na mdogo wake Ally. Mwaka 1955 Nyerere alipoacha ualimu Pugu, akawa hana mshahara wala nyumba, Abdul alimpokea nyumbani kwake. Aliyemshinda akala naye sahani moja. Huo ndio msimamo, na huo ndio ukunjufu wa moyo.

Alifariki tarehe 12 Oktoba 1968, hajatimiza miaka 44. Nchi ilikuwa huru, lakini jina lake halikupewa nafasi yake katika historia ya TANU tuliyosomeshwa shuleni. Miaka 30 baadaye, mwaka 1998, Mohamed Said akatoa kitabu kizima juu ya maisha yake. Fikiri, ndugu yangu: kama hakuna aliyesimulia, nani angejua?

Kwa hiyo deni la rafiki aliyekufa ni matatu.

La kwanza, mwombee dua. Hiyo haina gharama.

La pili, sema ukweli juu yake. Alichofanya yeye usijipe wewe, wala usinyamaze wengine wakijipa.

La tatu, watazame watu wake. Msimu huu ukiuza korosho, kabla hela haijaisha, pita kwa mjane wa rafiki yako na kilo mbili za sukari. Mwulize mtoto wake, "Daftari unazo?" Usingoje akuombe.

Kuna jina limekujia moyoni uliposoma hapa. Mwombee sasa hivi, kabla hujaweka simu chini.

Allahumma waghfir lahum warhamhum. Ewe Mola, wasamehe marafiki zetu waliotangulia, uyapanue makaburi yao, nasi utujaalie tuwe watu wa kukumbukwa kwa kheri. Aamin.