Ndoo Kichwani na Hatua za Mwezini

Tukisoma jinsi mwili unavyojiendesha pale nguvu ya mvutano inapobadilika, wengi huanza na Julai 1969, Neil Armstrong na Buzz Aldrin walipotembea Mwezini wakiwa na sehemu moja tu ya sita ya uzito wao. Lakini historia hiyo ilipita Kenya pia. Mwaka 1986 Geoffrey Maloiy na wenzake walionyesha kwamba wanawake wa Kijaluo na Kikikuyu hubeba mzigo wa asilimia 20 ya uzito wao bila kutumia nguvu ya ziada. Mwaka 1995 Norman Heglund, Giovanni Cavagna na wenzao walieleza sababu: mwili hushuka na kupanda kila hatua, na wanawake hao hupoteza nguvu chache kuliko watu wengine katika mabadilishano hayo. Mwaka 1998 watafiti hao wawili, pamoja na mwenzao, walipima hatua ndani ya ndege iliyoiga mvutano wa sayari ya Mihiri. Mwendo ulio bora ulishuka kutoka kilomita 5.5 hadi 3.4 kwa saa.

Hapa Dzaleka mama zetu hupita na ndoo za maji kichwani. Tukiandika historia ya sayansi hii, tusiwasahau wanawake kama wao.