Ngumi za Kifua kwa Kifua Zilivyofifia

Mwaka 1937 Henry Armstrong, Mmarekani mfupi asiyejua kurudi nyuma, alipanda ulingoni mara 27 na kushinda zote, 26 kati ya hizo kwa nokauti. Kufikia Agosti 1938 alishikilia mataji matatu ya dunia kwa mpigo, enzi ambazo uzito uligawanywa katika madaraja manane tu. Mbinu yake ilikuwa kujipenyeza chini ya mikono ya mpinzani, kumwegemezea kichwa kifuani na kumchakaza mbavu.

Roberto Durán wa Panama aliigeuza kazi hiyo kuwa usanii. Montreal, Juni 20, 1980, alikutana na Sugar Ray Leonard, bingwa ambaye hakuwahi kushindwa. Paji la uso la Durán linalisukuma bega la Leonard hadi miguu yake inayumba. Mkono mmoja unambana kiwiko, ule ulio huru unagonga mbavu. Leonard akivuta pumzi, bega linamwinua kidevu na ngumi fupi inapanda katikati. Kwa aliyeketi mbali, hao ni watu wawili wanaosukumana tu. Refa, Carlos Padilla wa Ufilipino, hakuwa na haraka ya kuwatenganisha, na baada ya raundi 15 taji likaenda Panama.

Wazee wa ngumi husema mabondia wa leo ni walaini. Huko ni kuwaonea, hawakufundishwa kupigana hivyo.

Baada ya Mmarekani Roy Jones Jr. kunyimwa dhahabu waziwazi kwenye Olimpiki ya Seoul mwaka 1988, ngumi za ridhaa zilikimbilia kompyuta, na Olimpiki ya Barcelona ya 1992 ikautumia mfumo huo. Pointi ilihesabiwa pale tu majaji watatu kati ya watano walipobonyeza kitufe ndani ya sekunde moja. Ngumi ya mbavu iliyofunikwa na viwiko, nani angeiona? Vijana wakajifunza kudonoa na kutoka. Mfumo uliachwa mwaka 2013, lakini kizazi kizima kilikwishalelewa hivyo.

Kwenye ngumi za kulipwa, kifo cha bondia Kim Duk-koo wa Korea Kusini baada ya pambano, Novemba 1982, kiliifanya WBC, Baraza la Ngumi la Dunia, ipunguze raundi kutoka 15 hadi 12. Hakuna mwenye utu wa kuulaumu uamuzi huo, ingawa maumivu ya mbavu huiva jioni ya pambano, na jioni hiyo ilifupishwa.

Kisha kuna kukumbatia. Moscow, Oktoba 2013, bingwa wa uzito wa juu Wladimir Klitschko alimlalia Alexander Povetkin mgongoni usiku kucha. Refa alimkata pointi moja tu, tena raundi ya 11. Karibu na mwili pakawa mahali pa kupumzikia.

Mabondia wa uzito mdogo hawakuyakubali hayo. Machi 2021, mjini Dallas, Román González wa Nikaragua, aliyenolewa ujanani na bingwa wa zamani Alexis Argüello, na Juan Francisco Estrada wa Meksiko walibanana raundi 12 bila kukumbatiana kwa kuvizia muda. Estrada alishinda kwa majaji wawili dhidi ya mmoja, na mashabiki wengi hawakuafiki.