Historia ya Upimaji wa Usonji kwa Watoto Wadogo

Usonji hautambuliwi kwa kupima damu wala kwa picha ya ubongo. Mtaalamu humtazama mtoto akicheza, huwauliza wazazi jinsi alivyokua, kisha hulinganisha aliyoyaona na kuyasikia na vigezo vilivyowekwa. Msingi huo umedumu tangu mwisho wa miaka ya 1930. Kilichobadilika ni maswali yanayoulizwa, umri wa mtoto anayepelekwa, na uzito unaopewa maneno ya mzazi.

Mwaka 1926 daktari Grunya Sukhareva wa Moscow alichapisha kwa Kijerumani maelezo ya wavulana sita waliojitenga na wenzao, lakini kazi yake haikusomwa sana. Watoto wa aina hiyo waliendelea kuhesabiwa kuwa na upungufu wa akili au skizofrenia, na wengi walifungiwa katika makao ya kulelea wagonjwa.

Oktoba 1938 Leo Kanner, daktari wa akili za watoto katika Hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, alimpokea Donald, mvulana wa miaka mitano kutoka Mississippi. Baba yake, mwanasheria, alikuwa ametanguliza barua ya kurasa 33 zilizopigwa chapa. Alieleza kwamba mwanawe hakuvutwa na watu, alizungusha vitu vya mviringo sakafuni kwa muda mrefu, na alifoka akikatizwa. Alikariri mambo mengi akiwa mdogo mno, ila alipotaka kitu alijiita “wewe” badala ya “mimi”. Barua hiyo ilinukuliwa katika makala ya Kanner ya mwaka 1943, iliyoeleza watoto 11, wavulana 8 na wasichana 3. Mwaka uliofuata daktari Hans Asperger wa Vienna alieleza watoto wanaofanana nao, wengi wao wakiwa na ufasaha wa kusema. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kuwa alishirikiana na mpango wa Wanazi ulioua watoto wenye ulemavu.

Mzazi aliyekuwa shahidi mkuu punde akageuzwa mshitakiwa. Kanner mwenyewe aliandika kwamba wazazi wengi aliowaona walikosa uchangamfu, na mwandishi Bruno Bettelheim wa Chicago akaeneza dhana kwamba ubaridi huo ndio husababisha usonji katika kitabu chake cha mwaka 1967. Mama aliyempeleka mwanawe kupimwa alijikuta akipimwa yeye. Pingamizi lilitoka kwa wazazi wenyewe. Mwaka 1962 wazazi wa Uingereza, miongoni mwao daktari Lorna Wing, waliunda chama. Mwaka 1964 Bernard Rimland, mwanasaikolojia wa Marekani aliyekuwa na mtoto mwenye usonji, alitoa kitabu kilichotetea asili ya kibayolojia. Ndani yake aliambatisha dodoso, na wazazi wakaanza kulijaza na kumtumia kwa posta.

Mwaka 1977 watafiti Susan Folstein na Michael Rutter walilinganisha jozi 21 za mapacha na kuonyesha nafasi kubwa ya urithi. Miaka miwili baadaye Wing na mwenzake Judith Gould, kutokana na watoto wa eneo la Camberwell jijini London, walionyesha kwamba usonji una sura nyingi kuliko ile ya Kanner. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani wa mwaka 1980 ukautenga rasmi na skizofrenia, kwa sharti kwamba dalili zianze kabla ya miezi 30.

Mwaka 1989 zilichapishwa nyenzo mbili zinazotumika hadi leo katika matoleo mapya: mahojiano marefu na mzazi, na kipindi cha kumtazama mtoto kilichopangwa hatua kwa hatua. Mpimaji hupuliza mapovu ya sabuni, husita, kisha husubiri: je, mtoto atamtazama, atanyoosha kidole, au atauvuta mkono wa mtu mzima kama chombo? Mwaka 1992 watafiti wa Uingereza walitoa dodoso fupi la watoto wa miezi 18, na mwaka 2001 likafuata toleo la Marekani linalojazwa na mzazi. Moja ya maswali yake ni kama mtoto huonyesha kwa kidole kitu kilichomvutia. Tangu mwaka 2007 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kimependekeza kila mtoto achujwe akiwa na miezi 18 na tena 24.

Afrika Mashariki iliingia mapema katika utafiti huu. Mwaka 1978 mtafiti Victor Lotter alichapisha matokeo ya kuwatazama watoto katika taasisi za miji kadhaa ya Afrika. Mwaka 1984 Kenya, kwa msaada wa Denmark, ilianzisha vituo vya kupima mahitaji ya kielimu ya watoto wenye ulemavu. Mwaka 2006 Folstein na wenzake, wakiwemo Watanzania, walieleza watoto 20 wa Tanzania. Kati yao 14 walitimiza vigezo vya usonji, na watatu katika hao walionyesha dalili baada ya kupona malaria kali iliyoambatana na homa ndefu na degedege.

Katika Pwani ya Kenya, utafiti wa mwaka 2015 ulikuta wazazi wakitaja uchawi, pepo na laana pamoja na sababu za kitabibu. Familia nyingi hupita kwanza kwa waganga na viongozi wa dini, huku jamaa wakisisitiza kwamba mtoto amechelewa tu kusema. Wataalamu ni wachache na wako zaidi katika miji mikubwa.

Utaratibu wa sasa huanza na dodoso na kipimo cha masikio, kwa kuwa mtoto asiyesikia naye huweza kutoitika jina lake. Alama za dodoso pekee hazithibitishi usonji; humwelekeza mtoto kwenye tathmini kamili. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani wa mwaka 2013 uliziunganisha aina za usonji zilizokuwa zimetenganishwa kuwa hali moja yenye viwango vya msaada, hivyo ripoti ya tathmini hueleza pia msaada anaouhitaji mtoto katika mawasiliano na mwenendo wa kila siku.