Madini ya Mpanda na Amana ya Uongozi

Mwaka 1950, zama za Waingereza, reli ilifikishwa Mpanda kutoka Kaliua ili kusafirisha madini ya risasi. Mwaka 1960 mgodi ukafungwa. Wenyeji wakabakiwa na reli. Mkoa wa Katavi uliundwa mwaka 2012, nusu karne baada ya uhuru.

Tukumbuke Mtume (s.a.w.) alipompa Abyadh bin Hammal (r.a.) chumvi ya Ma'rib, kisha akaichukua tena alipoelezwa kuwa ni kama maji yasiyokatika. Mafaqihi wametofautisha madini ya wazi na yaliyofichika, na risasi ni katika yaliyofichika. Hata hivyo tunajifunza kuwa kiongozi huurejea uamuzi wake maslahi ya umma yakidhihiri. Katavi ingali na dhahabu. Viongozi wataulizwa juu yake. Wallahu a'lam.