Ushairi wa Barazani Mvita na Upande wa Bara

Msomaji wa diwani aghalabu hudhani kuwa shairi huanzia karatasini. Historia ya Mombasa yaonyesha kinyume chake. Katika karne ya 19 mshairi wa Mvita alitunga ili asikiwe, na waliomsikia ndio waliomhukumu, waliomjibu na waliozihifadhi tungo zake. Yafaa basi kuuliza ni kwa njia gani maneno yaliyokusudiwa watu waliokuwapo yalipata kuwafikia wasiokuwapo.

Mji wenyewe haukuwa kisiwa peke yake. Mapokeo yasimulia kuwa kabla ya zama za Shehe Mvita mji uliitwa Kongowea, nao ulitawaliwa na Mwana Mkisi. Na hadi leo Kongowea ni jina la mahali palipo bara, ng'ambo ya kaskazini. Kadhalika Changamwe ni jina la taifa mojawapo katika Thalatha Taifa, pamoja na Wakilindini na Watangana, na Wajomvu wamo katika Tisa Taifa. Umoja wa mji, na mfarakano wake pia, uliwahusu watu wa pande zote mbili za maji.

Katika mji huo ndimo alimoishi Muyaka bin Haji al-Ghassaniy, aliyezaliwa mnamo 1776 na kufariki mnamo 1840. Alitunga juu ya mapenzi, ufukara, urafiki na safari. Lakini alitunga pia juu ya vita. Mombasa na Pate ziliposhindwa na Lamu katika vita vya Shela, mnamo 1812, ushindani haukuishia ufukweni. Uliendelea kwa mashairi, malenga wa Mvita na wa Lamu wakijibizana. Baada ya kufa Salim bin Ahmed mwaka 1835 Wamazrui walifarakana, na mwaka 1837 Seyyid Said akautwaa mji. Utawala uliotetewa na Muyaka ukaondoka. Maneno yake yakabaki.

Kubaki huko kuna sababu zake. Beti za mishororo minne, zenye vina vya kati na vya mwisho, na mizani minane kila upande, humsaidia msikilizaji kukumbuka, kwa kuwa neno likipungua sikio hutambua. Lakini vina na mizani havihifadhi maana ya fumbo. Aliyekuwapo alijua ni nani aliyekusudiwa na ni tukio gani lililotajwa kwa kificho. Mjukuu wake hakujua. Hapo ndipo ilipohitajika kazi ya Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, aliyefariki mwaka 1890. Yeye alizikusanya tungo hizo pamoja na maelezo yake, akampa mmishenari W. E. Taylor, na kutokana na karatasi za Taylor, William Hichens alichapisha diwani ya Muyaka mwaka 1940, karne moja baada ya mshairi kufa.

Jambo hilo lilijirudia katika karne ya 20, safari hii mshairi akiwa hai. Mwaka 1971 ilitolewa Malenga wa Mvita, diwani ya Ahmad Nassir Juma Bhalo, ikiwa imehaririwa na Shihabuddin Chiraghdin, ambaye aliitilia utangulizi. Mshairi na mfafanuzi walikuwa wa mji mmoja na zama moja, na kwa hiyo hapakuwa na haja ya kungoja miaka mia.

Leo sehemu kubwa ya wakazi wa Mombasa huishi upande wa bara. Tungo mpya zinazosomwa mbele ya majirani huko Likoni, Kisauni au Changamwe zimo katika hali ile ile zilimokuwa tungo za Muyaka: zaeleweka kwa wepesi na waliohudhuria, na kwa shida na watakaofuata. Kuliandika shairi bila kuandika lilimjibu nani, lini na kwa sababu gani ni kuhifadhi nusu yake. Muyaka amesomeka kwa sababu alikuwapo mtu aliyejali kuihifadhi nusu ya pili, na kila baraza la washairi lamhitaji mtu kama huyo.